Nchi moja, maisha tofauti: tujifunze nini kwa majimbo mawili ya India?

Hapa Afrika Mashariki tukisema "Mhindi", wengi wetu tunamfikiria mwenye duka wa Mombasa, Dar es Salaam, Mwanza au Kampala. Lakini mababu wa Wahindi wengi tunaoishi nao walitoka sehemu chache tu za India: Gujarat pamoja na eneo lake la Kutch, Punjab, na Goa. India ni pana kuliko hapo. Ina majimbo 28, na tena maeneo 8 yaliyo chini ya serikali kuu. Katiba yake inazitambua lugha 22. Mtu wa jimbo moja anaweza kufika jimbo jingine akashindwa hata kusoma kibao cha basi.

Katika makala haya tumechagua majimbo mawili tu. Moja ni Kerala, lililo kusini kabisa, kwenye pwani inayotazamana na Bahari ya Arabu. Jingine ni Bihar, lililo kaskazini, katika bonde la mto Ganges, mpakani na Nepal. Kutoka Patna, mji mkuu wa Bihar, hadi Kerala ni safari ya treni ya zaidi ya siku mbili.

Tumeyachagua kwa sababu ya swali moja. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya familia uliofanyika India kati ya 2019 na 2021 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai Kerala, watoto 4 hivi walikufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Kule Bihar walikufa karibu 47. Watoto hawa wote wana bendera moja, katiba moja na sarafu moja. Kwa nini basi kuzaliwa jimbo hili au lile kuwe jambo la uhai na kifo? Sisi tunaofanya kazi ya maendeleo pamoja na makanisa na vikundi vya vijijini hatuwezi kulikwepa swali hili, maana hata katika nchi zetu mtoto wa mkoa mmoja hana nafasi sawa na mtoto wa mkoa mwingine.

Nani ana madaraka gani?

Kwanza tuelewe jinsi India inavyoendeshwa. Nchi hiyo ilipata uhuru tarehe 15 Agosti 1947, na katiba yake ilianza kutumika tarehe 26 Januari 1950. Katiba inagawa kazi katika orodha tatu. Orodha ya kwanza ni ya serikali kuu: ulinzi, mambo ya nje, reli, sarafu. Ya pili ni ya majimbo: polisi, afya, kilimo, ardhi. Ya tatu ni ya pande zote mbili kwa pamoja, na tangu 1976 elimu imo humo.

Kila jimbo lina bunge lake na serikali yake, inayoongozwa na Waziri Kiongozi. Kwa hiyo mambo yanayomgusa mwananchi kila siku, kama zahanati, shule ya msingi, kituo cha polisi na hati ya shamba, yanategemea zaidi uamuzi wa jimbo kuliko uamuzi wa New Delhi.

Mipaka ya majimbo mengi ilichorwa upya mwaka 1956 ili kufuata lugha. Ndipo Kerala ilipozaliwa, tarehe 1 Novemba mwaka huo, kwa kuwaunganisha watu wanaosema Kimalayalam. Mipaka imeendelea kubadilika. Mwaka 2000 sehemu ya kusini ya Bihar, yenye makaa ya mawe na madini ya chuma, ilijitenga ikawa jimbo la Jharkhand.

Majimbo haya mawili yanatofautianaje?

Tuangalie kwa ufupi. Takwimu tatu za kwanza zinatoka katika sensa ya 2011, na nyingine katika uchunguzi wa afya tulioutaja.

- Idadi ya watu: Kerala milioni 33, Bihar milioni 104.
- Wanawake wanaojua kusoma na kuandika: Kerala 92 katika kila 100, Bihar kama 51.
- Wanawake kwa kila wanaume 1,000: Kerala 1,084; Bihar 918.
- Wanawake wa miaka 20 hadi 24 walioolewa kabla ya kutimiza miaka 18: Kerala 6 katika kila 100, Bihar 41.
- Wastani wa watoto kwa kila mwanamke: Kerala 1.8, Bihar 3.

Kwa upande wa mapato, wastani wa pato la mtu wa Kerala ni zaidi ya mara nne ya pato la mtu wa Bihar. Hapo wengi husema: "Basi jibu ni rahisi. Kerala ni matajiri, Bihar ni maskini." Lakini tusiharakishe.

Katika miaka ya 1970 pato la mtu wa Kerala lilikuwa chini ya wastani wa India nzima. Hata hivyo watu wake waliishi miaka mingi zaidi na walisoma zaidi kuliko Wahindi wengine. Amartya Sen, mwanauchumi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1998, ameieleza habari hiyo mara nyingi katika maandishi yake. Angalia pia Gujarat, jimbo lenye viwanda na biashara kubwa, ambalo kwa pato halizidiwi na Kerala. Uchunguzi ule ule wa 2019 hadi 2021 ulikuta kwamba huko walikufa watoto wachanga 31 katika kila 1,000. Fedha husaidia, lakini haziendi zenyewe hadi kwenye kitanda cha mzazi. Inategemea watu wameamua kuzifanyia nini.

Wala si suala la wingi wa watu au ubaya wa ardhi. Kerala nayo imejaa watu: zaidi ya 850 katika kila kilomita moja ya mraba. Na udongo wa Bihar ni miongoni mwa udongo wenye rutuba nyingi India.

Bihar haikuwa nyuma siku zote

Mtu asidhani kwamba watu wa Bihar wana kasoro ya asili. Pataliputra, mji uliokuwa mahali ilipo Patna ya leo, ulikuwa makao makuu ya mfalme Ashoka zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Nalanda, chuo kilichowavuta wanafunzi hadi kutoka China, kilikuwa Bihar. Huko huko, Bodh Gaya, ndiko Wabudha wanakoamini kwamba Budha alipata nuru. Kama kuna jimbo linaloweza kujivunia elimu ya kale, ni Bihar. Nini basi kilitokea?

Jambo la kwanza ni ardhi. Mwaka 1793 Waingereza, chini ya Cornwallis, waliwatambua makabaila walioitwa zamindari kuwa wamiliki wa ardhi ya Bengal na Bihar, mradi walipe serikali kodi isiyobadilika. Kilichozidi kodi hiyo kilikuwa mali ya kabaila. Mkulima alilima, kabaila akavuna. Kabaila hakuwa na sababu ya kujenga shule, maana mtoto wa mkulima akijua kusoma angeweza kusoma pia hesabu za madeni ya baba yake. Baada ya uhuru Bihar ilipitisha sheria ya kuufuta mfumo huo, tena mapema, mwaka 1950. Lakini sehemu kubwa ya ardhi ilibaki mikononi mwa wale wale, kwa majina ya ndugu na jamaa zao.

Jambo la pili ni uamuzi wa serikali kuu. Kuanzia 1952 iliwekwa sera ya kusawazisha gharama za kusafirisha makaa ya mawe na chuma nchini kote. Nia ilikuwa njema: viwanda visambae kila mahali. Matokeo yake ni kwamba kiwanda kilicho mbali pwani kilipata chuma kwa bei ile ile ya kiwanda kilicho jirani na mgodi. Mwenye mtaji angejenga Bihar kwa sababu gani? Sera hiyo ilidumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kisha, mwaka 2000, migodi yenyewe ikaenda na Jharkhand.

Jambo la tatu ni maji. Mito inayoshuka kutoka milima ya Nepal hufurika mara kwa mara. Agosti 2008 mto Kosi ulibomoa tuta lake, ukafuata njia nyingine, na watu zaidi ya milioni 3 wakaathirika. Familia inayojenga upya kila baada ya miaka michache haiwezi kuweka akiba.

La nne ni siasa. Kwa miongo mingi watu wa matabaka ya juu ndio waliotawala Bihar. Mwaka 1990 Lalu Prasad Yadav alichaguliwa kuwa Waziri Kiongozi kwa kura za matabaka yaliyodharauliwa, na yeye na mkewe Rabri Devi waliongoza karibu muda wote hadi 2005. Watu wengi wa tabaka la chini husema kwamba wakati huo ndipo walipoweza kwa mara ya kwanza kusimama mbele ya mwenye shamba bila kuinamisha kichwa. Hilo si jambo dogo. Lakini barabara, shule na hospitali zilizidi kuchakaa, na uhalifu ukaongezeka. Heshima ilipatikana, huduma hazikupatikana.

Kerala: elimu ilidaiwa, haikushuka kama mvua

Sehemu ya kusini ya Kerala ya leo ilikuwa ufalme uliojitawala kwa kiasi, ulioitwa Travancore. Mwaka 1817 malkia wake, Gowri Parvathi Bai, alitangaza kwamba gharama za kuwaelimisha watu zibebwe na serikali. Wakati huo huo wamishenari wa Kiprotestanti walikuwa wakifungua shule. Chuo cha CMS katika mji wa Kottayam kilianza mwaka huo huo wa 1817.

Wakristo walikuwepo Kerala kabla ya wamishenari hao kwa karne nyingi. Mapokeo yao yanasema kwamba Mtume Tomaso alifika pwani hiyo mwaka 52. Katika sensa ya 2011 Wakristo walikuwa 18 katika kila watu 100, Waislamu karibu 27, na Wahindu karibu 55. Makanisa, misikiti na vyama vya Wahindu vilishindana kujenga shule, na ushindani huo uliwafaa watoto.

Hata hivyo tusijisifu kupita kiasi. Wakristo wa kale wa Kerala walihesabiwa kama watu wa tabaka la juu, na wengi wao walikaa mbali na waumini wapya waliotoka katika matabaka ya chini. Mfumo wa matabaka ulikuwa mkali mno huko kuliko sehemu nyingi za India. Watu wa chini hawakuruhusiwa kupita barabara za karibu na mahekalu, na wanawake wao walikatazwa kufunika vifua vyao. Wanawake wa jamii ya Nadar, wengi wao wakiwa Wakristo, walipambana miaka mingi hadi mwaka 1859 waliporuhusiwa.

Mabadiliko yaliletwa na waliodhulumiwa wenyewe. Sree Narayana Guru, wa jamii ya Ezhava, aliweka wakfu hekalu mwaka 1888 bila kuwaomba ruhusa Wabrahmani, na aliwahimiza watu wake wasome na wajiunge katika vyama. Ayyankali, wa jamii ya Pulaya waliokuwa kama watumwa mashambani, hakujua kusoma, lakini alitaka watoto wa jamii yake wasome. Alipompeleka binti mdogo shuleni, shule ilichomwa moto. Wafanyakazi wa mashamba waliomfuata walikataa kuingia mashambani: kama watoto wetu hawasomi, mpunga wenu haulimwi. Majani yaliota, na wenye mashamba wakalazimika kusikiliza. Mwaka 1936 mfalme wa Travancore aliyafungua mahekalu ya serikali kwa Wahindu wa matabaka yote.

Baada ya uhuru moto huo uliingia katika siasa. Mwaka 1957 wananchi wa Kerala walichagua kwa kura serikali ya Kikomunisti iliyoongozwa na E. M. S. Namboodiripad. Ilianza kugawa ardhi na kudhibiti shule za binafsi. Makanisa yalipinga vikali sheria ya shule, pamoja na vyama vingine, na mwaka 1959 serikali kuu iliiondoa serikali hiyo madarakani. Tunalitaja jambo hili kwa uwazi kwa sababu Kanisa lilifungua shule nyingi, na Kanisa hilo hilo lilikuwa upande wa waliozuia mabadiliko yaliyowapa maskini nafuu. Mageuzi ya ardhi yalikuja kutekelezwa kikamilifu kuanzia 1970, na wapangaji wengi wakawa wenye mashamba yao.

Kuna ushahidi mmoja unaotutia moyo zaidi. Sehemu ya kaskazini ya Kerala, yaani Malabar, haikuwa chini ya Travancore. Ilitawaliwa moja kwa moja na Waingereza, na mwaka 1956 ilikuwa nyuma sana kwa shule na hospitali. Serikali ya jimbo jipya iliwekeza huko, na ndani ya miongo michache pengo likapungua sana. Kwa hiyo historia si minyororo isiyokatika.

Tangu hapo Kerala imeendelea kuwategemea wananchi wake wenyewe. Maelfu ya watu waliojitolea walifundisha watu wazima kusoma, na Aprili 1991 jimbo likatangaza kwamba ujinga wa kutojua kusoma umefutwa. Kuanzia 1996 zaidi ya theluthi moja ya fedha za mipango ya jimbo ilipelekwa kwa halmashauri za vijiji na miji, na wananchi wakakaa katika mikutano kupanga matumizi. Mwaka 1998 ukaanzishwa mpango wa Kudumbashree, wa vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa, unaofanana na vikundi ambavyo wasomaji wetu wengi wanavifahamu.

Utamaduni na sheria

Tofauti za utamaduni nazo zina nguvu. Katika baadhi ya jamii za Kerala, hasa Wanair, urithi ulifuata ukoo wa mama, na binti hakuonekana kuwa mzigo. Kule Bihar, kama sehemu nyingi za kaskazini, familia ya binti hutakiwa kutoa mahari kwa familia ya mume, ingawa sheria ya nchi inakataza tangu 1961. Binti wa kule huhesabiwa kuwa ni wa nyumba nyingine, na wazazi huona hasara kumsomesha.

Lakini utamaduni nao hubadilika. Mwaka 2006 serikali ya Bihar, chini ya Waziri Kiongozi Nitish Kumar, ilianza kuwapa wasichana wanaoingia darasa la tisa fedha za kununulia baiskeli. Shule za sekondari zilikuwa mbali, na wazazi waliogopa kumwachia binti atembee peke yake. Watafiti waliolinganisha Bihar na jirani yake Jharkhand walikuta kwamba uandikishaji wa wasichana uliongezeka kwa karibu theluthi moja. Wale waliosema "desturi yetu hairuhusu binti kwenda mbali" walianza kuzoea kuona mabinti wakipita barabarani kwa makundi, wamepanda baiskeli.

Majimbo hutofautiana hata katika sheria za pombe, jambo linalowagusa wasomaji wetu wengi. Gujarat imeipiga marufuku tangu ilipoundwa 1960. Bihar ilifuata Aprili 2016, baada ya akina mama kudai hivyo kwa muda mrefu. Kerala inauza pombe kupitia shirika la serikali na kupata humo mapato makubwa. Kila njia ina gharama yake. Desemba 2022 makumi ya watu walikufa katika wilaya ya Saran, Bihar, baada ya kunywa pombe haramu yenye sumu.

Kila mmoja ana mzigo wake

Isidhaniwe kwamba Kerala ni paradiso. Imesomesha vijana wengi kuliko ajira ilizonazo. Watu wake zaidi ya milioni 2 wanaishi nje ya India, wengi katika nchi za Ghuba. Wasomaji wetu waliowahi kuishi Muscat au Dubai wamekutana nao: wauguzi, mafundi, makarani. Fedha wanazotuma zimejenga nyumba nzuri, lakini katika nyumba nyingi wamebaki wazee peke yao. Serikali ya jimbo imebeba madeni makubwa.

Bihar nayo inasonga. Mwaka 2005/06 ni mama 20 tu katika kila 100 waliojifungulia katika kituo cha afya. Kufikia 2019/21 walikuwa 76. Kwa kipimo cha serikali cha umaskini, kinachoangalia afya, elimu na hali ya maisha, maskini wa Bihar walipungua kutoka 52 katika kila 100 mwaka 2015/16 hadi 34 miaka mitano hivi baadaye. Safari bado ni ndefu. Hesabu ya matabaka iliyotolewa na serikali ya Bihar mwaka 2023 ilionyesha kwamba karibu familia moja katika kila tatu ilikuwa na kipato kisichozidi rupia 6,000 kwa mwezi.

Na majimbo haya yanahitajiana. Ujira wa kibarua Kerala ni mkubwa kuliko wa majimbo mengine, kwa hiyo vijana kutoka Bihar, Bengal Magharibi, Assam na Odisha husafiri kwenda huko kujenga nyumba za wale waliokwenda Ghuba. Mmalayali anaondoka kwenda Dubai, Mbihari anakuja kuishika kazi aliyoiacha.

Nani ambebe nani?

Hapa ndipo penye ugomvi mkubwa wa kisiasa. Serikali kuu hukusanya kodi na kuzigawa kwa majimbo. Kati ya 2021 na 2026, katika kila rupia 100 zilizogawanywa, Bihar ilipewa 10 hivi, na Kerala ilipewa chini ya 2. Kigezo kikubwa kilikuwa umaskini wa jimbo pamoja na idadi ya watu. Wengi wa kusini walilalamika: "Tulisomesha mabinti, tukapanga uzazi kama serikali ilivyotuomba, na sasa tunaadhibiwa."

Suala la viti vya bunge la taifa linafanana na hilo. Bihar ilipewa viti 40 na Kerala 20, kwa kufuata sensa ya 1971. Ugawaji ulisimamishwa mwaka 1976, na baadaye ukaahirishwa hadi sensa ya kwanza baada ya 2026, ili majimbo yasiogope kupunguza uzazi. Kwa hesabu ya 2011, mbunge mmoja wa Bihar aliwakilisha watu milioni 2.6 na mbunge wa Kerala milioni 1.7. Mtu wa Bihar anauliza kwa nini kura yake iwe na uzito mdogo. Mtu wa Kerala anauliza kwa nini apoteze sauti kwa kufanya vizuri. Wote wawili wana hoja.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kuhusu mwili mmoja wenye viungo vingi, ambamo kiungo kimoja kikiumia vyote huumia. Fundisho hilo halituambii asilimia za kugawa kodi. Linatuambia kwamba jimbo lenye nafuu haliwezi kusema halihusiki na vifo vya watoto wa jirani, na kwamba jimbo linalosaidiwa linatakiwa kuhakikisha msaada unamfikia mtoto yule.

Somo kwetu

Tunaona mambo manne ya kubeba nyumbani.

1. Tofauti kati ya maeneo zilitengenezwa na maamuzi ya watu kuhusu ardhi, shule na nani aheshimiwe. Kwa hiyo zinaweza kurekebishwa. Tuache kusema "watu wa mkoa ule ni wavivu".

2. Wastani wa nchi unaficha mengi. Mradi uliopangwa kwa wastani wa India haumfai mama wa Kerala wala wa Bihar. Kabla ya kuleta mpango, tuulize: hapa ardhi ni ya nani? Binti anathaminiwaje? Nani anaogopwa?

3. Madaraka yakisogezwa karibu na wananchi, huduma hazifuati zenyewe. Kenya ilipoanza serikali za kaunti 47 mwaka 2013, kazi nyingi za afya zilihamia huko. Kama ilivyo kwa majimbo ya India, kaunti ambayo wananchi wake wanahudhuria vikao na kuuliza maswali ina nafasi nzuri zaidi ya kupata zahanati yenye dawa.

4. Elimu ya binti ni mwanzo mzuri popote. Mama anayesoma hutambua dalili za hatari mapema, na hakubali kurudishwa mlangoni mwa hospitali.

Maswali ya kujadili katika kikundi

- Katika nchi yetu, ni mikoa au kaunti gani inayosemwa vibaya? Tunajua nini kuhusu historia yake ya ardhi na shule?
- Je, kanisa letu limewahi kuwa upande wa mabadiliko, na je, limewahi kuyazuia?
- Eneo lililofanikiwa lina wajibu gani kwa lililo nyuma? Na lililo nyuma lina wajibu gani?
- Ni kitu gani kimoja, kama zile baiskeli za Bihar, kinachoweza kuwafungulia njia mabinti wa kijiji chetu?